Masoko ya kuponi ya Masisi na Walikale

Vita vya waasi wa CNDP vilipopamba moto tena mwishoni mwa Agosti 2008, vijiji vingi vya Masisi, Kivu Kaskazini, vilihama. Watu waliteremka kuelekea Sake na Goma, au wakajibanza kwa ndugu waliokuwa na nafasi ndogo kuliko wao. Msaada uliowafikia ulijulikana hata kabla gari halijafunguliwa: turubai, mablanketi, bidoni, sufuria, sabuni. Kila familia fungu lile lile. Mama aliyekimbia na sufuria zake kichwani aliongezewa nyingine, na aliyeacha jembe shambani hakupata jembe. Si ajabu mablanketi ya msaada yalionekana sokoni yakiuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye blanketi alihitaji dawa ya mtoto, na hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Ni katika kipindi hicho UNICEF na shirika la Kikatoliki la CRS walijaribu njia nyingine Kongo. CRS ilikuwa imeizoea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipoandaa masoko ya mbegu kwa wakulima wa Afrika Mashariki waliopoteza mavuno. Badala ya kuleta bidhaa, unaleta wauzaji. Familia inapewa kuponi, kisha inachagua yenyewe. Miaka iliyofuata masoko hayo yaliingia kwenye mpango mkubwa wa dharura wa UNICEF, ule wa RRMP, na yakaenea Kivu Kaskazini.

Siku ya soko wauzaji walipanga mali uwanjani tangu alfajiri: vitenge, magodoro, masufuria, majembe, viatu vya watoto. Kila mpokeaji alikuja na karatasi zake zenye mihuri, za thamani ndogo ndogo, ili aweze kuzigawa. Hapo ndipo ilipoonekana akili ya watu ambao msaada ulikuwa umezoea kuwafikiria kama mikono mitupu. Hakuna aliyenunua kwenye meza ya kwanza. Mtu alizunguka, akagonga sufuria kwa kidole kusikiliza unene wake, akarudi kwa muuzaji wa awali na bei ya jirani yake, akadai punguzo, na bei ikikataa kushuka akadai matabishi, yaani nyongeza: kipande cha sabuni juu ya godoro. Waandaaji waliweka bei za juu zisizoruhusiwa kupitwa, lakini ushindani wa meza mbili zilizokaribiana ulifanya kazi ambayo orodha peke yake isingeiweza.

Muuzaji naye alikuwa na hesabu zake. Kuponi si pesa mpaka ilipwe, kwa hiyo alitoa mali leo na kungoja malipo. Na mali hiyo ilipitia barabara ya Sake kwenda Masisi, ambayo mvua huigeuza tope la kumeza magurudumu. Walikale ilikuwa ngumu zaidi. Miaka ya biashara ya kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie, ndege ndogo zilitua juu ya barabara pale Kilambo, zikishusha bidhaa na kupakia madini. Sufuria iliyopanda ndege haiwezi kuuzwa kwa bei ya Goma, na dola moja ya kuponi Walikale haikununua kile ilichonunua Sake.

Swali kubwa, kama kuponi ni bora kuliko fedha taslimu, lilijibiwa Masisi yenyewe. Kati ya 2011 na 2012, katika kambi isiyo rasmi ya wakimbizi wa ndani, shirika la Concern Worldwide lilizigawa familia kwa bahati nasibu: nyingine zilipewa kuponi, nyingine fedha taslimu, thamani sawa ya dola 130 ndani ya miezi saba. Mchumi Jenny Aker alifuatilia. Waliopewa fedha walinunua vitu vya aina nyingi zaidi. Waliopewa kuponi walinunua, pamoja na mengine, chumvi nyingi kupita mahitaji ya jiko lolote.

Chumvi haiozi. Inapimika kwa kijiko, kila nyumba inaihitaji, na inauzika hata kambini. Watu walikuwa wamegundua namna ya kugeuza karatasi iliyofungwa kuwa fedha mkononi. Mwishoni Aker hakuona tofauti kati ya makundi hayo mawili katika chakula wala katika vipimo vingine vya maisha, kwa sehemu kwa sababu wenye kuponi waliuza tena walichonunua. Tofauti ilikuwa gharama: kuendesha kuponi kulikula fedha zaidi. Mimi nasoma matokeo hayo kama hoja nzito ya kuwaamini watu.

Lakini kuponi zenyewe hazikuwa bure. Utafiti wa John Quattrochi, Ghislain Bisimwa na wenzao, uliochapishwa 2022, ulipima masoko ya RRMP Kivu Kaskazini. Familia zilizopata kuponi za dola 55 hadi 95 zilikuwa na nafuu ya moyo na akili, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mmoja. Afya ya watoto haikubadilika. Kwa mtu aliyelala chini miezi mingi, godoro alilolichagua mwenyewe lina uzito ambao takwimu za chakula hazionyeshi.

Fedha za simu zilipoingia, ikiwemo M-Pesa ya Vodacom mwaka 2012, na PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipoleta kadi za SCOPE, karatasi zilianza kupungua. Kadi inapunguza kuponi za kughushi, na fedha ya simu haihitaji mtu kusafiri na mabunda ya noti barabarani.

Kisha waasi wa M23 wakachukua Masisi mapema Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na mji wa Walikale kwa muda mfupi kuanzia Machi. Benki za Goma zilifungwa, noti zikaadimika, na hata mwenye salio kwenye simu alihangaika kupata wa kumbadilishia. Hoja ya fedha taslimu iliyoshinda kambini Masisi mwaka 2012 ilitegemea fedha zinazozunguka. Zilipokauka, mfanyabiashara aliyekuwa tayari kutoa sufuria na unga leo na kulipwa baadaye alikuwa na kitu ambacho wakala wa simu hakuwa nacho.