Banda la Mabasi ya Skuli

Katika Marekani, ambako elimu ya watoto huendeshwa na wilaya za skuli zenye bodi zao na kodi zao, jengo linalofikiriwa mwisho na kutupwa pembezoni mwa mji aghalabu ni lile la matengenezo na usafirishaji: banda la kulaza mabasi, karakana ya mafundi, ghala la vipuri, na ofisi ndogo ya kupangia njia za madereva. Raia wanaoombwa waridhie mkopo kwa kura huliridhia darasa upesi kuliko banda, nami siwalaumu sana. Walakini tarikhi yaonyesha kwamba jengo hilo halikuzaliwa na tamaa ya mafundi, bali na jukumu ambalo wenye mamlaka walilibeba pole pole, pengine bila kutambua uzito wake, la kumfikisha mtoto skuli na si kumfundisha tu.

Mwaka 1869 jimbo la Massachusetts liliiruhusu miji yake kutumia fedha za umma kuwachukulia wanafunzi gari. Wakati huo halikuhitajika jengo lolote, kwa kuwa wenye skuli waliafikiana na mkulima mwenye farasi, na jioni gari likalala kwake zizini. Lilikuwa gari la mbao, watoto wakikaa ubavuni wakielekeana, na mlango ukiwa nyuma ili wapandao na washukao wasiwashtue farasi. Miongoni mwa waliolitengeneza ni Wayne Works wa Richmond, Indiana.

Kilicholeta haja ya banda ni kuunganishwa kwa skuli. Mwaka 1932 wilaya zilizidi 127,000, nyingi zikiwa na skuli ya chumba kimoja na mwalimu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimepungua hata chini ya 20,000, na kila skuli iliyofungwa iliongeza maili za safari. Wilaya iliyonunua mabasi yake yenyewe haikuwa na budi kuyalaza, kuyatia mafuta na kuyakagua breki. Katikati ya kipindi hicho, Aprili 1939, Frank Cyr wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, aliwakusanya New York wajumbe wa majimbo pamoja na watengenezaji, wakaafikiana kanuni 44, ikiwamo ile rangi ya manjano ambayo maandishi meusi husomeka juu yake alfajiri na magharibi. Watu huikumbuka rangi. Mimi naona vipimo ndivyo vilivyokuwa na faida kubwa zaidi, kwa maana gari ambalo urefu wa bodi lake na kimo cha dari lake vimekubaliwa laweza kupimiwa mlango wa banda kabla halijanunuliwa.

Amma atakaye kujua uzito wa jukumu hili la kumfikisha mtoto skuli, naatazame kaunti ya Clarendon, South Carolina, ambako katika miaka ya 1940 watoto weupe walikuwa na mabasi takriban 30, ilhali watoto weusi hawakuwa na hata moja. Wazazi weusi walichangishana wakanunua basi kuukuu lililokuwa likiharibika kila mara, wakaiomba bodi msaada, wakanyimwa. Levi Pearson, mkulima, akafungua daawa. Mwaka 1948 ikatupwa kwa hoja kwamba shamba lake lilipitiwa na mpaka wa wilaya za skuli. Shauri lililofuata, Briggs dhidi ya Elliott, halikuishia kwenye basi: lilidai kwanza usawa, kisha kukomeshwa kwa ubaguzi wenyewe, likaunganishwa na lile la Brown, ambalo mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba ubaguzi katika skuli za umma ni kinyume cha katiba. Harry Briggs, ambaye jina lake latangulia katika shauri hilo, alikuwa mfanyakazi wa kituo cha mafuta, na kwa kutia saini yake katika ombi lililozaa shauri hilo alifukuzwa kazi.

Mahakama hiyo ilipoamua mwaka 1971 shauri la Swann, lililohusu kutumia mabasi ili kuondoa ubaguzi katika skuli, ilitaja kwamba watoto milioni 18, yaani asilimia 39 hivi ya wanafunzi wa skuli za umma, walisafirishwa kwa basi. Mabasi ya umma mkubwa namna hiyo hayalazwi zizini. Mchoraji wa jengo jipya leo hana budi kuuliza maji ya kuoshea yaliyochanganyika na mafuta yaelekezwe wapi, na kiwanja kiwe upande gani, madhali kila maili basi liendayo tupu kabla ya kumpakia mtoto wa kwanza hulipiwa dizeli na ujira. Na ikiwa wilaya yakusudia mabasi ya umeme, nyaya zake nene zatakiwa ziwe zimekwisha kulazwa ardhini kabla ya saruji kumwagwa.