Zanzidar

Sogea karibu, usome neno lililopigwa chapa kwenye stempu, juu ya sura ya Malkia Victoria: Zanzidar. Posta ya India ilifungua ofisi Unguja mwaka 1868, ikaifunga mwaka uliofuata, ikarudi 1875. Kwa miaka ishirini barua zilibandikwa stempu za India zisizo na jina la Zanzibar, ndiyo maana mtafiti wa barua hizo huanza na muhuri wa posta: humo mna mji na tarehe.

Mwaka 1895 stempu hizo zikapigwa chapa ya jina la Zanzibar huko huko Unguja. Herufi za risasi za kupigia chapa husomwa kinyumenyume, na b na d humchanganya hata fundi mzoefu. Ndivyo Zanzibar ilivyogeuka Zanzidar, na leo wakusanyaji wa stempu huliwinda kosa hilo. Stempu zenye picha ya Sultani Hamad bin Thuwaini zilifuata 1896.