Pwani Moja, Sheria Tatu

Tuseme mwaka ni 1906, na wanawake watatu wamejifungua wiki moja: mmoja Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Unguja mjini. Wote watatu ni watumwa. Lugha yao moja, kibla chao kimoja, na jahazi likipata upepo mzuri litawapitia wote ndani ya siku chache. Wa Tanga amezaa mtoto huru, kwa kuwa Wajerumani wametangaza kwamba yeyote atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 si mali ya mtu. Mama mwenyewe angali mali. Wa Mombasa anaishi katika ukanda wa Sultani unaotawaliwa na Waingereza, na huko mahakama bado inamtambua bwana wake. Wa Unguja anaweza kesho asubuhi kwenda mahakamani akatoka na hati ya uhuru, ila kama ni suria. Akiwa suria, sheria imemhesabu kama mke, na mlango huo kwake umefungwa.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ilichukua miaka themanini na zaidi kuijenga, kipande kwa kipande, na kila kipande kilikatwa kwa kipimo cha mtu aliyekuwa na cha kupoteza.

Kabla ya mikataba palikuwa na sheria ya dini, iliyosimamiwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii, na palikuwa na desturi ya pwani. Hizi mbili hazikwenda sambamba siku zote. Sheria ilisema mtoto wa mjakazi ni wa bwana wa mama yake, hata kama baba ni mtumwa wa mtu mwingine. Ilisema pia kwamba suria akimzalia bwana mtoto, mtoto ni huru sawa na ndugu zake wote, na mama huachwa huru bwana akifa. Kumwacha mtumwa huru ilikuwa thawabu, na kwa makosa fulani ndiyo kafara yenyewe.

Desturi nayo iliwapanga watu kwa ngazi. Mjinga, yaani aliyeletwa karibuni kutoka bara, hakuwa sawa na mzalia aliyezaliwa nyumbani na kukua pamoja na watoto wa bwana. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja ilizoeleka mtumwa kumfanyia bwana kazi siku tano, kisha Alhamisi na Ijumaa akalima kikataa chake. Wa mjini aliweza kwenda kutafuta kibarua, kuchukua mizigo au kusafiri na msafara, na kumletea bwana sehemu ya ujira. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliyaandika mengi ya mambo haya katika kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Humo mtu anaona jinsi hata mavazi yalivyokuwa na mwenyewe: nani avae kofia, nani atembee peku.

Ngazi hizo zisimdanganye msomaji. Juu yake palikuwa na upole wa aina fulani. Chini yake palikuwa na soko, na mzalia aliyekuwa mpenzi wa nyumba angeweza kuuzwa siku bwana alipofilisika.

Waingereza walianza na bahari. Mwaka 1822 Kapteni Fairfax Moresby alitia saini na Sultani Sayyid Said mkataba wa kukataza watumwa kuuzwa kwa Wakristo. Ukichora ramani utaona uzuri wa hesabu yake: Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi walizibiwa njia, ilhali biashara ya kwenda Uarabuni iliachwa. Mkataba wa Hamerton wa mwaka 1845, ulioanza kazi mwaka 1847, ukakataza kupeleka watumwa Uarabuni lakini ukaruhusu kuwasafirisha ndani ya milki ya Afrika, toka Kilwa hadi Lamu. Matokeo yake si magumu kuyatabiri. Mashamba ya Unguja na Pemba yalizidi kuhitaji mikono, na jahazi lililokamatwa lilidai siku zote kwamba linaelekea Lamu tu.

Ndipo ikaja tarehe 5 Juni 1873. Sultani Barghash, akitishwa na manowari na akishauriwa bila kuchoka na balozi wa Uingereza, John Kirk, alikubali kufunga biashara yote ya watumwa baharini na masoko yote ya hadhara. Soko la Mkunazini lilifungwa, na mwaka ule ule wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa lao mahali pale. Miaka mitatu baadaye ikapigwa marufuku misafara ya nchi kavu. Kuuza hadharani kukawa haramu. Kumiliki kukabaki halali.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Barghash alikuwa mwana wa Sayyid Said, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Watoto wote wa Sayyid Said waliopata kutawala Zanzibar walizaliwa na masuria, na sheria ile ile iliyomfanya mama kuwa mali ndiyo iliyompa mwana kiti cha enzi. Watu waliotakiwa kuuvunja utumwa kwa kalamu walikuwa wameumbwa nao. Sioni kwamba jambo hili linawatetea au kuwashtaki. Linaeleza tu kwa nini hakuna kipengele kilichowagusa kwa ndani kama kile cha suria.

Mwaka 1890, mwezi mmoja tu baada ya Waingereza kukubaliana na Wajerumani nani achukue wapi, Sultani Ali bin Said alitoa amri ya tarehe 1 Agosti. Kuuza na kubadilishana watumwa kulikatazwa kabisa, na mtumwa akapewa haki ya kujinunua. Wenye watumwa walinung'unika mjini. Kufikia tarehe 20 mwezi huo huo tangazo jingine likatoka: mtumwa akipeleka fedha kwa kadhi, bwana halazimiki kuzipokea. Haki haikudumu hata mwezi.

Amri kubwa ni ile ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa na Waingereza baada ya mizinga yao kubomoa kasri Agosti ya mwaka uliotangulia. Wengi huikumbuka kuwa ndiyo iliyowaweka watumwa huru. Isomwe vizuri. Haikumwacha mtu yeyote huru kwa maneno yake. Ilisema kwamba mahakama hazitatekeleza tena madai ya bwana juu ya mtumwa. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, akaonyesha ana pa kukaa na cha kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu. Suria alibaki nyumbani, asipothibitisha ukatili, hadi amri ya mwaka 1909 ilipomruhusu kuondoka.

Na yote hayo yalihusu Unguja na Pemba tu. Kule Mombasa, Arthur Hardinge alikuwa ameahidi mwaka 1895 kwamba dini na desturi za pwani hazitaguswa, na ahadi hiyo ikatumika kuchelewesha mambo hadi mwaka 1907. Wajerumani kusini walikuwa na woga wao, kwani vita alivyowapiga Abushiri havikuwa vimesahaulika. Hawakuwahi kuufuta utumwa. Waliuandikia kanuni: kanuni ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi, jambo ambalo Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zimekwisha kulitoa bila Berlin. Walitoa pia hati za uhuru kwa makumi ya maelfu. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka.

Lakini watumwa hawakukaa wakisubiri makaratasi. Miaka mingi kabla ya 1907, watoro wa mashamba ya Malindi na Mombasa walikuwa na makazi yao kama Fuladoyo, na wengine walijificha kwa wamisionari huko Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alilazimika kuwalipa mabwana fidia ya watoro zaidi ya 1,400, kwa kuwa kuwarudisha hakukuwezekana tena. Unguja, waliopitia mahakamani walikuwa wachache kuliko waliopatana na bwana kimya kimya: nikae shambani, nikufanyie siku tatu badala ya tano, niache nilime. Wengine walihamia mtaa wa Ng'ambo mjini, wanawake wakaacha kaniki nyeusi wakavaa kanga za rangi, na mtu alipoulizwa kabila alijibu Mswahili.

Kilichobaki kugombewa ni ardhi. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa katika pwani ya Kenya, ilitungwa sheria ya hati za ardhi, na wenye kujua njia ya ofisi walikwenda kuandikisha mashamba. Waliokuwa wamelima ardhi hiyo tangu ujana wao wakawa maskwota juu yake. Huko Malindi mwenye shamba alimruhusu skwota kupanda mahindi na muhogo. Mnazi alimkataza, maana kwa desturi ya pwani aliyepanda mti ana haki juu ya mti huo, hata ardhi ikiwa ya mwingine.