Kuku wa mayai: uliza bei ya gunia kwanza

Vijana wetu wa Kilifi na Kwale wakitaka kufuga kuku huuliza trei inauzwa ngapi. Waanze na gunia. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku; kuku 100 ni kilo 12, kwa hivyo gunia la kilo 70 halifiki siku sita. Wakitaga vizuri, tuseme mayai 80 kwa siku, muda huo utapata trei 15 na ushei. Toa bei ya gunia, chanjo ya kideri, maji na taa. Kinachobaki ndicho ujira wako, na hapo hujafidia miezi minne na nusu uliyowalisha kabla ya yai la kwanza.

Ndiyo maana banda dogo haliajiri mtu. Anayelihudumia mara nyingi ni mama wa nyumbani, na ukimuuliza atakwambia hana kazi! Wanaolipwa ni wauza chakula, wachinjaji na wa bodaboda wanaosambaza mayai. Kuku wa kienyeji hutaga kidogo, lakini hujitafutia sehemu ya chakula chake, na jogoo wake hupata mnunuzi upesi Idi ikikaribia.