Ngitili za Wasukuma: Maarifa, Ardhi na Mamlaka Mkoani Shinyanga

Katika mijadala ya mazingira, maarifa ya jadi huelezwa mara nyingi kama hazina iliyopotea inayosubiri kufukuliwa. Historia ya ngitili mkoani Shinyanga, Tanzania, inaonyesha vinginevyo. Maarifa hayakupotea, kilichovunjika ni mamlaka ya wenyeji juu ya ardhi.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, ili nyasi, vichaka na miti vikue bila kuguswa na mifugo. Kiangazi kinapokolea na malisho ya nje kwisha, hufunguliwa sehemu kwa sehemu, ndama na wanyama dhaifu wakitangulizwa. Mipaka yake ililindwa kwa desturi, na aliyeivunja aliwajibishwa na dagashida, mkutano wa jamii.

Utaratibu huo ulidhoofika kwa hatua. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifyeka mapori ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka. Pigo zito lilikuja mwaka 1974, pale Operesheni Vijiji ilipohamisha kaya. Mwenye ngitili alijikuta mbali nayo, na ardhi isiyo na mlinzi ikawa ya kila mtu. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takribani hekta 600 tu.

Mwaka huohuo ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mafanikio yake makubwa hayakutokana na miche ya vitalu, bali na uamuzi wa kuwasikiliza wakulima na wafugaji. Kaya na vijiji vilitenga upya ngitili, serikali za vijiji zikatunga sheria ndogo, na sungusungu wakazilinda. Miti mingi ilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyosalia ardhini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizidi hekta 300,000.

Hata hivyo, manufaa hayakugawanyika sawa. Wenye ardhi na ng'ombe wengi ndio wenye ngitili kubwa, ilhali asiye na ardhi hulazimika kununua malisho. Kwa hiyo, sera inayokusanya maarifa ya wenyeji bila kuwahakikishia haki ya ardhi, wanyonge wakiwemo, itarudia kosa la mwaka 1974 kwa lugha ya kisasa zaidi.