Saa inayokula umeme

Wadau, mradi wangu unamaliza betri kabla msimamizi hajafika! Usiku huu nikaamua kurudi kwenye historia.

Mwaka 1992 kampuni ya Digital ya Marekani ilitoa chipu ya Alpha 21064: megahezi 200, wati 30. Kumbe karibu asilimia 40 ya umeme ililiwa na saa tu, yaani ile mipigo inayosambazwa chipu nzima. Mwaka 1996 haohao wakaleta StrongARM: megahezi 160, nusu wati! Walishusha volti kutoka 3.45 hadi 1.5, wakapunguza kazi za chipu na mzigo wa saa. Sehemu isiyo na kazi haipigiwi saa.

Jamani, mimi napigia zote, hata zilizolala. Kesho nazizima. Mniombee.