Henri Guillaumet, Rubani wa Barua

Katika zama za mwanzo za posta ya angani, rubani alikabidhiwa dhamana mbili: mifuko ya barua na nafsi yake mwenyewe. Aghalabu ya kwanza ilitangulizwa mbele ya ya pili. Maisha ya Henri Guillaumet, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1902 katika kijiji cha Bouy, yanaonyesha jinsi dhamana hizo zilivyofungamana.

Mwaka 1926 aliingia katika kampuni ya Latécoère, ambayo baadaye iliitwa Aéropostale, akawa akichukua barua baina ya Casablanca na Dakar. Mwaka 1929 alipelekwa Amerika ya Kusini kuvuka milima ya Andes, kati ya Chile na Argentina. Ndege yake, Potez 25, ilikuwa na injini moja tu na kiti kilicho wazi kwa upepo. Na vilele vingine vya milima ile hupita mita 6,000. Hata hivyo ilimpasa kuondoka, maana barua ya angani ikichelewa haina ubora juu ya barua ya merikebu na reli.

Tarehe 13 Juni 1930, wakati wa kipupwe cha huko, dhoruba ya theluji ilimshusha kando ya ziwa Laguna del Diamante. Alijichimbia shimo chini ya ndege, akajikinga kwa mifuko ya barua. Dhoruba ilipotulia alishika njia kwa miguu, muda wa siku tano, mchana na usiku, pasipo vyombo vya kupandia milima. Katika baridi ile kulala kulikuwa ni kufa.

Rafiki yake, Antoine de Saint-Exupéry, amesimulia katika kitabu chake Terre des hommes cha mwaka 1939 kuwa Guillaumet alianguka akaridhia mauti. Ndipo alipomkumbuka mkewe na fedha za bima: mtu akipotea, sheria haikumhesabu kuwa amekufa mpaka ipite miaka minne. Aliona mwamba mbele yake, akainuka ili afie hapo, maiti yake ipate kuonekana theluji itakapoyeyuka. Alipokwisha kusimama aliupita mwamba ule, akaendelea mpaka akaokolewa.

Alirudi kazini, na kwa jumla alivuka Andes zaidi ya mara 300. Tarehe 27 Novemba 1940 ndege aliyoiendesha ilitunguliwa juu ya bahari ya Mediterania. Hakumbukwi kwa kuwa hakuogopa mauti, bali kwa kuwa, hata alipokwisha kuyakubali, hakuisahau haki ya waliokuwa wakimngojea.